Futikamba

Siku ya tatu mama yangu alikuja na kikombe,
maji ya vuguvugu, sukari ikizunguka chini.
"Mtoto ana kiu," alisema, "nanyi mnamwangalia tu?"
Nsimire hakujibu. Alifungua kitenge,
akampa Ansima ziwa, akamtazama mama
kama mtu anayefunga mlango polepole usije ukagonga.
Maji yale niliyanywa mimi.

Basi ikawa ziwa alfajiri, ziwa adhuhuri,
ziwa umeme ukikatika Kadutu nzima,
ziwa mvua ikituletea matope ya mlimani hadi kizingitini.
Mimi ni fundi cherehani. Ya maziwa siyajui.
Najua kupima.
Kila tarehe mosi nilimlaza juu ya meza,
kati ya mkasi na mabaki ya vitambaa,
nikavuta futikamba kutoka utosini hadi kisiginoni,
nikaandika kwa chaki nyuma ya mlango:
sitini. Sitini na mbili. Sitini na nne na kidogo.
Wateja walidhani ni suruali ya mtu.

Mwezi wa saba tukapika uji,
mtama, mahindi, soya, moto mdogo wa makala.
Kijiko cha kwanza aliutema.
Cha pili aliupaka kwenye nyusi.
Cha tatu alikaa nao mdomoni, akiwaza,
kisha ukashuka, nasi wawili tukameza pamoja naye
mate matupu.

Halafu mwenye nyumba akaongeza dola kumi.
Nsimire akasema: mananasi ya Idjwi, siku mbili tu,
naenda na boti ya Jumanne.
Usiku ule nilimshonea vitambaa viwili vya pamba,
vya mviringo, tabaka nne nne,
pindo jembamba lisimkwaruze,
kwa sababu maziwa hayasomi ratiba ya boti.
Akavitia ndani ya blauzi bila kusema neno.
Alipofika njia panda aligeuka. Mara moja.

Nikatwanga sambaza wakavu mpaka wakawa vumbi,
nikachanganya na bugali laini, na sombe iliyopondwa sana.
Ansima alikula kama fundi aliyechelewa kulipwa.
Cikuru wa kinyozi akapita, akacheka:
"Leo cherehani inanyonyesha!"
Nilikuwa na kijiko mkononi,
nikamwacha aende na kicheko chake.

Lakini usiku hauli sambaza.
Saa nane aliamka, akalia kilio kile chenye jina la mtu.
Upepo ulikuwa umechafua maji, boti haikurudi,
na kati ya mtoto huyu na ziwa lake
kulikuwa na ziwa zima.
Nikambeba. Nikatembea hatua sita, ukuta, hatua sita, ukuta.
Akatafuta katika shati langu, akapata kifungo,
akakinyonya kidogo,
akaniangalia kama mteja aliyepewa nguo isiyo yake.
Nikamwambia, samahani mama, ndiyo iliyopo.

Nsimire alirudi Ijumaa, mananasi kichwani,
blauzi imekauka na kulowa na kukauka tena.
Vile vitambaa vilinuka mtindi.
Akanyosha mikono, na Ansima,
mdomo wote samaki,
akamgeuzia shavu.

Sitasema Nsimire alifanya nini na uso wake.
Alikaa chini pale pale, kando ya mananasi,
akangoja.
Nami nikajitia kutunga uzi kwenye sindano
ambayo tayari ilikuwa na uzi.
Baadaye nikasikia ile sauti ndogo, glu, glu,
na pumzi ya watu wawili ikiachiwa kwa pamoja.

Tarehe mosi nikavuta futikamba.
Sabini na moja na nusu.
"Hiyo nusu," akasema Nsimire, "ni ya sambaza wako."
Nikasema hapana, ni ya kwako.
Yako. Yako wewe.
Tukabishana hivyo,
mpaka uji ukashika chini.