Safu ya Mwenyewe

Siku tuliyofungua lango letu,
la kuorodhesha kila programu na mwenyewe,
tulikuwa wanne, juu ya duka la baiskeli
Barabara ya Nane, Ngamiani,
feni ikikata maneno vipande.

Lango lilikuwa jeupe, halina kitu.
Likauliza tu: mna nini, na ni cha nani?

Tukaanza. Huduma ya malipo: Mwanasha.
Ya ujumbe mfupi: Kibwana, shingo upande.
Ya kupima malori getini bandarini:
kimya.
Fundi wa chini akagonga rimu, mara tatu.

Ilikuwa hai, hiyo. Miaka minne
inapima saruji na mkonge usiku kucha,
na hakuna aliyejua nenosiri lake linalala wapi.
Ndani ya msimbo, onyo moja tu, mstari wa juu:
"Usiguse. Shekivuli."

Shekivuli yuko Maskati sasa, anauza viyoyozi.
Tulimpigia. Akacheka hadi simu ikakatika.

Mali bila daftari... Mwanasha alianza,
akaacha, maana methali haijazi kisanduku.
Kishale kinakonyeza, kinangoja.

Nikakumbuka usiku ule wa mvua,
malori yamepanga foleni hadi Chuda,
na sisi wanne tunatumiana ujumbe:
si yangu, labda ni yako.

Nikaandika jina langu, kwa herufi ndogo,
na namba ya simu, ile inayopatikana.

Lango likaweka nukta ya kijani.
Saa nane na robo usiku, simu ikaita.