Ovaroli la Shee

Kwanza nilipima kwa sinia la pilau,
lile lililopinda ukingo tangu arusi ya Riziki.
Nikalilaza juu ya mgongo wa ovaroli,
nikazungusha chaki,
duara likapita katikati ya namba yake ya kazi.

Alikuwa amelala. Ningemwuliza, angekataa.

Miaka ishirini na mitatu ovaroli hilo
lilishuka Kilindini alfajiri, likarudi usiku
na grisi, na chumvi, na harufu ya chuma.
Kontena, Shee alinieleza zamani, halina pua.
Tia vitunguu ndani, funga, piga lakiri:
siku ukifungua ni maji na uozo.
Kisha wakapunguza watu.
Jina lake lilibandikwa ukutani,
mstari wa nne kutoka chini,
akarudi nyumbani, akaingia chumbani, akarudisha mlango.

Mwezi huo huo mndimu wangu ulianza kunyauka
ndani ya ndoo ya rangi.
Nikaung'oa nitazame una nini.
Mizizi ilikuwa imezunguka, imezunguka,
ikifuata ukuta wa plastiki,
hata imejikaba koo yenyewe.
Nikakaa nao mapajani, juu ya paa, hapa Majengo,
jua la saa nne likinichoma kisogo,
wala sikusema neno.
Nilijua nimeuona wapi.

Mama Kadzo wa chini ndiye aliyenambia:
mti upande kwenye kitambaa.
Ncha ya mzizi ikigusa hewa hukoma,
na nyuma yake huchipuka vijizizi tele.
Hukoma, hafi, akasema, kana kwamba mzizi ni mtu.
Hapo ndipo nilipotazama kabati.

Gunia la viazi lingetosha, najua.
Lakini gunia huoza msimu mmoja,
na nguo ya bandarini ni nzito,
imefuliwa mara elfu, nyuzi zimelegea kiasi.
Niliiweka mdomoni, nikapuliza.
Pumzi ikapita, nikaipokea kiganjani
upande wa pili, ingali na joto.

Cherehani ilivunja sindano mbili.
Ya tatu ilifika mfuko wa kifua, ikakwama,
nikasikia kikohozi mlangoni.

"Hilo langu."
"Lilikuwa."

Akaitazama namba, nusu huku, nusu kule.
Nikangoja matusi. Shee si mtu wa matusi,
ila nilingoja.
Akashika mshono wangu, akauvuta kwa mikono miwili,
ukafumuka kama ganda la karanga.
"Udongo ukilowa, huu hautashika."
Akaketi sakafuni. Akataka sindano ya magunia,
uzi wa nailoni, mkanda wa kubebea,
akashona kwa fundo nisilolijua jina,
fundo la wafunga mizigo,
kila hatua akilikaza kwa meno.

Tukajaza makumbi ya nazi yaliyochambuliwa,
samadi ya mbuzi wa Bi Nafisa,
udongo uliokuja kwa mkokoteni kutoka Kisauni.
Mizizi iliyojikaba niliipunguza kwa kisu cha samaki.
Shee aligeuza uso.

Sitasema uwongo: mfuko huu una kiu.
Hunywa asubuhi, hunywa alasiri,
na maji ya dumu yana bei.
Tunaunywesha maji ya kuoshea mchele.
Yanayovuja humdondokea Mama Kadzo kwenye leso zake,
naye hupaza sauti hadi barabarani,
nami humjibu: si ulinishauri mwenyewe?

Ndimu hakuna bado. Majani mapya sita,
moja limeliwa na mdudu.
Mfuko wa kifua uliachwa nje, wazi,
na mtu amepanda mrihani humo bila kunambia.

Jana nilimkuta ameinama,
kidole juu ya kitambaa,
pale penye doa la grisi lisilotoka:
mzizi mmoja, mweupe, mwembamba kama uzi wa kutungia asumini,
umechungulia kwenye mshono,
umeona jua, umesita.

Akaniuliza lile ovaroli la pili liko wapi.