Koti Lenye Waya

Kongowea, siku ya kufungua belo,
nilivuta mkono mmoja mweusi
likaja koti zima, zito kama deni.
Mia nne na hamsini, akasema.
Nikampa mia tatu na ishirini.
Akanitazama vibaya, akafunga.

Ndani lilikuwa na nyaya nyembamba
zimejikunja mgongoni na kifuani
kama mishipa ya mtu aliyelivua koti
akaisahau humo.
Kwenye pindo, plagi nisiyoijua.
Kwenye nembo, maandishi ya watu wa theluji.

Stejini Mshomoroni walicheka hadi wakakaa chini.
"Mwatela kanunua jiko!"
"Februari hii, wewe wajipika?"
"Basi tia na nazi."
Nami nikacheka. Ningefanyaje,
katika mji ambao hata feni huomba maji?

Fundi Badi wa Makupa alilipima kwa mita yake,
akalinusa, akasema:
"Hili hula umeme. Volti kumi na mbili.
Lichomeke kwenye betri ya pikipiki,
litakukumbatia hadi useme basi."
Kitufe kifuani kikawaka chekundu.
Dakika ya tatu nililitupa chini
kama aliyeingiwa na siafu.

Likalala uvunguni hadi Julai.

Baridi ya Mombasa haitajwi jina.
Hukungoja saa kumi alfajiri, daraja la Nyali,
mvua ya kusi imeshapita na shati lako,
upepo wapanda kutoka mkondoni
na magoti yaanza mazungumzo yao wenyewe.
Hapo ndipo nililivaa. Gizani, kwa aibu.
Taa ya mbele ikafifia kidogo,
mgongo wangu ukawaka,
nikaenda kimya kama mtoto aliyefunikwa na mamake.
Kulipopambazuka nikalivua, nikalikunja
ndani ya gunia la makaa. Asione mtu.

Kisha vuli likapita, akaja Mishi.

Jumanne na Ijumaa ni zake.
Fundi cherehani, mdomo mkali kuliko mkasi.
Namshusha hospitali ya Makadara jua halijatoka,
ile mashine imtoe damu, iifue, imrudishie.
Saa sita namfuata.
Lami yanata kwenye soli za viatu,
muuza maji amejifunika kichwa kwa kadibodi,
naye Mishi atoka amejitanda leso mbili,
meno yakigongana.
"Wamenirudishia damu yangu," asema,
"imepoa kama chai ya msibani."

Siku ile sikuwa na neno.
Nilikuwa na gunia.

"Lanuka makaa," akasema, akiingiza mkono.
"Na kwapa limefumuka. Nani alishona uchafu huu?"
Nikapitisha waya chini ya kiti, nikachomeka.
Aliendelea kulitukana koti hadi Tononoka,
halafu akanyamaza.
Nikahisi paji lake likitua mgongoni mwangu.

Darajani trafiki akatusimamisha.
Mimi kwenye fulana ya matundu,
jasho lanichuruzika hadi soksini;
nyuma yangu mwanamke kwenye koti la theluji,
kola imempanda masikioni.
"Huyu ana nini?"
"Baridi," Mishi akamjibu mwenyewe.
Yule bwana akalitazama jua,
akatutazama sisi, akatazama ule waya.
Akatupungia mkono tupite.

Sasa kwapa lina mshono wa uzi wa kijani,
mweusi ulikuwa umekwisha,
na mfuko wa ndani wa kadi ya kliniki.
Betri haijapenda. Nikiwasha joto
honi hulia kama paka mwenye mafua.
Nitanunua nyingine mwisho wa mwezi,
mwezi wowote.
Stejini bado waniita Jiko. Naitika.

Jana, matuta ya Kisauni,
alinigonga begani mara mbili.
Nikadhani amezidiwa, nikakanyaga breki.
"Mwatela," akasema, "punguza.
Nimeiva."