Fremu ya Sentimita Arobaini na Mbili

Mchana natengeneza meno ya watu nisiowajua:
gego la kasisi, pengo la mwenye duka,
nta, plasta, mwali mdogo wa buluu.
Jioni nashuka gereji, nawasha mwali mkubwa zaidi.
Mke wangu Raili asema sijatoka kazini,
nimebadili kinywa tu.

Meza yangu ni jiwe la kaburi.
Mchonga mawe wa Kangasala alikosea herufi moja
katika jina la marehemu Vihtori,
jamaa zake wakalikataa; nikalipata mimi
kwa pakiti nne za kahawa na kazi ya kulibeba.
Limelala kifudifudi juu ya miguu ya chuma.
Mgongo wake ni bapa
kuliko kitu chochote ninachokimiliki,
na hapo juu ndipo ninapojua
kama nimesema kweli.

Shangazi Lempi ana mita moja na sentimita arobaini na nne.
Miaka thelathini na minane kiwanda cha viatu,
akishona ngozi kwa ajili ya nyayo kubwa za wengine,
akienda na kurudi kwa baiskeli ya mtoto:
ya kwanza nyekundu, yenye kengele ya kikaragosi,
ya mwisho zambarau, yenye riboni
alizozikata kwa kisu kabla hajatoka dukani.
Ukubwa wako haupo, walimwambia,
kwa sauti ya kumsamehe.

Nilimpima jikoni, mgongo ukutani,
kitabu cha simu katikati ya mapaja,
huku akicheka na kunigonga utosini kwa mwiko.
Nikatia alama ya penseli kwenye fremu ya mlango
kama wapimwavyo watoto.
Raili ameipaka rangi jiko zima tangu hapo.
Alama ameizunguka.

Novemba, mabomba.
Chuma chembamba: ukikigonga kwa ukucha, kinaitika.
Desemba, jua la saa tano na ushei,
nami namulikwa na moto wangu.
Fedha haisukumwi. Hufuata joto, kama paka.
Unakipasha kiungio mpaka boraksi iwe maji, iwe kioo,
unagusisha waya upande huu,
unauita upande wa pili.
Ukitokea, uzi mwembamba, mng'avu,
usishangilie. Mkono utatikisika.

Ya kwanza ilipinda milimita tatu.
Samaki mkunje angali mbichi, sawa,
lakini fremu hunyooshwa ikiwa imeshapoa,
kwa nondo ndefu na kwa hofu.
Nilivuta. Nikavuta tena.
Bomba likabonyea kama shavu la bikizee kibogoyo
na nikacheka peke yangu, usiku wa manane,
mimi, fundi wa meno.

Ya pili, basi.
Kisha tupa. Wiki sita za tupa,
jina gani hilo, kwa chombo
kinachoondoa unga tu
na kukuachia kila kitu kingine ukitazame.

Aprili akaja kwa basi, kofia mkononi.
Changarawe za msimu wa theluji zingali barabarani.
Nilikuwa nimeipaka rangi ya haradali;
akasema haradali ni ya soseji.
Akapanda. Akazungusha pedali mara moja, mara mbili,
akashika breki.
"Kuna kasoro?"
Akanyamaza. Akatazama chini.
"Magoti," akasema. "Hayagongi kitu."

Akapita sanduku la barua,
akapita ua wa akina Nieminen na mbwa wao,
akakata kona bila kupiga kengele.
Saa moja. Saa mbili.
Raili akaipasha kahawa mara ya tatu,
akaniambia nisisimame dirishani kama mlinzi.

Nikashuka gereji kufagia.
Nikalifuta jiwe kwa kitambaa,
mafuta, unga wa chuma, tone la fedha lililoganda,
kisha nikapitisha mkono chini yake, gizani,
nikaipapasa kwa ncha za vidole
ile herufi.