Mlango wa Namkunda

Jumamosi, saa mbili na robo, ofisi ya kata, Pasua,
kabla sijafungua hata pedi ya muhuri,
mlango ukaingia kupitia mlangoni.

Ulikuja kwa mkokoteni, umelazwa chali,
bawaba zinaning'inia kama hereni,
na nyuma yake Namkunda, fundi wa viraka soko la Memorial,
jasho puani, kanga kiunoni.
"Karani, ulisema nilete kumbukumbu za mauzo.
Basi hizi. Daftari sina.
Ukinichelewesha, leo nalala wazi."

Ni kweli, nilisema. Jumamosi iliyopita,
kwa ile sauti ya ukarani isiyostaafu nasi:
mama, usipokuwa na hesabu, utahesabiwa kwa macho.
Na kwa macho alikuwa ameshahesabiwa.
Cherehani mbili, afisa akaandika, akakadiria, akaondoka.
Hakuuliza. Ya pili ni ya marehemu dada yake,
haina sindano tangu matanga,
juu yake hukaa chupa ya chai.

Getini vishoka wanadai elfu kumi na tano
kujaza fomu ambayo serikali haiuzi.
Mimi sidai. Nina pensheni, nina miwani,
nina kalamu nimeifunga uzi isitembee,
na miaka thelathini na moja nilihesabu magunia ya kahawa
ya watu wasioweza kusoma nilichoandika.

Nikapiga magoti.
Mbao tatu, kila ubao miezi minne.
Kijiti cha mkaa: suruali imepunguzwa.
Duara: zipu.
Msalaba: amechukua, hajalipa.
Januari ipo juu kabisa, haifikiwi bila kigoda,
maana Januari, anasema, hakuna wateja,
mtu ana muda wa kupanda.

Foleni ikasahau kuwa foleni.
Mcharo wa bodaboda akainama, akaguna:
"Huu msalaba wenye kofia... si mimi huu?
Zipu ya Pasaka?"
Akatoa elfu mbili mbele ya mashahidi.
Namkunda akalamba kidole amfute.
"Acha!" nikapiga kelele. "Sasa ndiyo umekuwa mauzo!"

Chini ya ubao wa kwanza, karibu na kizingiti,
hapakuwa na kitu.
Aprili. Masika yaliruka barazani
yakailamba Aprili yote.

Zamani ningeijaza.
Ningechukua Machi, ningechukua Mei, ningegawa kwa mbili,
tukiita hivyo usafi wa kitabu.
Nikaandika: Aprili, maji.
Nikaliacha pengo wazi,
mkono ukisita, kwa mazoea yake.

Jumla nikaipiga mara tatu.
Ilikuja chini ya mstari, mbali na mstari,
pale ambapo sheria yenyewe, ukiisoma hadi mwisho,
inasema: huyu mwacheni.
Hata Aprili ungeijaza kwa ukarimu wa mlevi.

Sikusikia vigelegele.
Namkunda alivuta benchi, akakaa, akauliza taratibu:
"Na ile niliyokwisha kulipa?
Niliikopa kikoba."
"Ipo fomu ya kuidai."
"Inauzwa?"
"Haiuzwi."
"Inarudi kweli?"
Hapo nilifuta miwani ambayo haikuwa chafu.
"Tunaandika," nikasema. "Kwanza tunaandika."

Kijana wake akaupiga mlango picha, juu hadi chini.
Nikampa mama daftari la mistari,
akalibana kwapani bila imani nalo.
"Usiupake rangi," nikamwambia. "Ni ushahidi huo."
"Karani, ni mlango huo.
Na giza likiingia nitauhitaji."

Nyumbani, jioni, mke wangu akanishika mkono wa shati:
mkaa, toka begani hadi kiwikoni.
"Umeegemea wapi?"
"Machi," nikamjibu.