Kikombe cha Ulanzi

Dabaga, Machi. Ukungu umelala hadi kizingitini
na mianzi nyuma ya jiko inadondosha ndani ya mbeta,
tone, kimya, tone.

Dukani kwa Mlowe hamira imekwisha.
Mama, ambaye macho yake yalizibwa na mtoto wa jicho
tangu mavuno ya mwaka juzi, anacheka kitandani.
"Hamira! Sisi tulikuwa na hamira lini?
Nenda kwa Kihwele, akupe ulanzi wa jana.
Si mtogwa wa asubuhi, huo bado mchanga,
wala wa juzi, huo utaulewesha unga.
Kikombe kimoja. Kile cha bati, chenye kovu."

Nimeleta. Unga uko kwenye beseni.
"Sukari kiasi gani?"
"Kiasi."
"Chumvi?"
"Usiione ikipita. Uisikie tu."
"Na maji ya vuguvugu?"
"Mpaka unga useme basi."
Mimi niliyefundishwa upishi Iringa mjini,
gramu na mililita katika daftari la mistari,
nimesimama mikono imetapakaa ute mweupe
nikisubiri unga useme.

Hausemi. Umenigandia vidoleni kama deni.
"Nasikia unaupapasa," anasema Mama.
"Kanda! Unga si mgonjwa."
Basi naupiga, naukunja, nausukuma kwa kiganja
mpaka meza inalia, mpaka jasho, katika baridi hii,
na mlio unabadilika: ulikuwa tope,
sasa ni kofi la mtoto juu ya maji.
"Hapo hapo," anasema. "Uache."

Lakini baridi ya Kilolo haichachui kitu.
Usiku anadai beseni. Analifunga kwa kitenge cha kanisani,
analilaza ubavuni, upande wa ukutani,
pale alipokuwa akilala baba.
Sisemi neno. Nazima taa.
Usiku wa manane namsikia:
"Sogea kidogo."
Sijui anamwambia nani.

Alfajiri kitenge kimeinuka kama tumbo la miezi mitano.
Chumba kizima kinanuka mianzi.
Nasukuma kwa chupa ya soda,
nakata pembe nne kwa kisu cha kumenyea viazi,
vipande vya pembeni, visivyo na umbo, navitenga kwa Vestina
aliyekwisha kujibanza jikoni na sweta la shule.
Kuni za mwati zimekubali. Mafuta ya alizeti karaini.
Mama ameketi kwenye kigoda, sikio ameliinamisha.
"Bado. Mafuta hayajaongea."
Moshi unanitoa machozi.
"Bado."
Kisha, "Sasa."

La kwanza linazama, linaibuka limefura,
linajipindua lenyewe
kama mtu aliyeitwa jina lake barabarani.
"Geuza," anasema.
"Limejigeuza, Mama."
"Sasa wewe unafanya nini hapo?"
Vestina anacheka mpaka anapaliwa.
La tano nimeliunguza; pua yake imejua
kabla sijalificha chini ya mengine.

Namwekea moja kiganjani, lingali la moto.
Analipima uzito, mkono wa kulia, mkono wa kushoto,
analipasua, analinusa katikati, penye vishimo.
Anatafuna taratibu, kwa muda mrefu,
na mimi tena ni mtoto wa darasa la pili.

"Chumvi uliiona," anasema,
na kunyoosha mkono kutaka la pili.