Daftari la Darasa la Nne B

Jumatatu, sifuri moja: Nyamizi wa dawati la tatu.
Jumanne, sifuri mbili, dawati lile lile.
Alhamisi safu nzima ya dirishani ilikuwa sifuri tupu,
kama shanga zilizotoka uzini,
na mimi, kalamu nyekundu mkononi,
nikaandika pembeni: watoro, waitwe wazazi.

Ndivyo nilivyofundishwa kusoma daftari.
Asiyekuja ni mtoro. Anayekuja ni mwema.
Hapa Usoke nilitangaza mwenyewe, mbele ya bendera,
kwamba asiyekosa hata siku moja mpaka tufunge shule
atapata madaftari sita na kalamu ya wino.

Kashindye hakukosa.
Alitoka ng'ambo ya mashamba ya tumbaku kwa miguu,
amevaa sweta Oktoba, bati likitokota kwa jua,
kola ameivuta mpaka masikioni.
"Una baridi?"
"Hapana, mwalimu."
Macho mekundu, kama ya mtu aliyekesha banini
akichochea moto wa kukaushia majani.
Akakohoa. Akaomba radhi kwa kukohoa.
Nilipomvua sweta
vipele vilikwisha vuka shingo, vinateremka kifuani.

Nesi Mlekwa alifika kwa pikipiki ya kuazima,
sanduku la chanjo limefungwa nyuma kwa mpira wa baiskeli.
Kwa fahari nikamwonyesha ndoo zangu, bomba zake,
mche wa sabuni niliokata vipande kwa waya;
mwaka wa kipindupindu zilituokoa.
"Msiache kunawa," alisema. "Lakini surua haingoji mkono,
hii hupanda pumzi.
Nani kapigilia mbao madirisha haya?"

Sisi. Kwa sababu ya vumbi.
Mwalimu mkuu alizing'oa kwa jembe, tai kaitupa begani,
na upepo ukaingia ukapekua vitabu vyote
kama mkaguzi.

Chama cha msingi kilitupa ghala la kuwatenga wenye homa.
Nesi alinusa mlangoni, akarudi:
"Tumbaku juu ya kikohozi?"
Basi nikatoa viti vya sebuleni kwangu, nikatandika mikeka,
na usiku nikajifunza majina yao upya
kwa namna kila mmoja anavyoomba maji.

Bibi yake Kashindye alisema sindano huirudisha surua tumboni.
Sikubishana. Nilikaa naye akipepeta karanga,
nikamsomea daftari, jina kwa jina, kumi na tisa:
hawa wamekaa karibu na mjukuu wako.
Ungo ukatulia.
"Huyo wa mwisho, ni mtoto wa Ndimila? Aliyezaliwa njiti?"
Ndiye.
Asubuhi alikuwa wa kwanza foleni ya chanjo,
kashika wajukuu wawili, mmoja kila mkono,
na hakunisalimia.

Ijumaa nikasimama tena mbele ya bendera
nikayala maneno yangu hadharani:
anayeumwa abaki nyumbani, hatahesabiwa mtoro.
Kimya. Kisha sauti kutoka nyuma:
"Na yale madaftari sita, mwalimu?"

Niliyachana. Karatasi kwa karatasi
niliandika hesabu na Kiswahili cha kila siku,
nikawapelekea wagonjwa, nikiziacha mlangoni
chini ya jiwe.

Kashindye amerudi baada ya wiki tatu, shingo imekonda,
ngozi inabanduka kama ganda la kitunguu.
Katika safu yake sikuweka sifuri.
Nimeweka nukta, nukta kumi na tano,
alama ambayo afisa elimu ataniuliza maana yake
na nitamjibu.

Sikio la kushoto bado linamvuma.
Nimemhamishia dawati la mbele, upande wa mlango,
ili lile la kulia linielekee,
na nikiita majina, lake naliita mara mbili.